Siku Tuliyozika Paa

Kila anayenunua jengo la zamani hapa Morogoro siku hizi hutumwa kwangu. Huja na swali moja: sista, kuondoa asbesto kwa wataalamu ni gharama gani? Mimi humpa kiti, humpa chai, kisha humpa ukweli. Kulishusha paa langu kuliniumiza mfuko kuliko kupandisha jipya. Hapo chai humpalia. Anayebaki kitini baada ya kukohoa ndiye ninayemsimulia yaliyosalia, maana bei ya mkandarasi ilikuwa ndiyo sehemu nyepesi.

Nilikuwa nesi mkunga katika zahanati ya kiwanda kule Kihonda. Ruksa ya biashara huria ilipoingia, maduka yalijaa sabuni za kila rangi na mitumba ikashuka kwa marobota, na sisi tuliozoea kutengeneza vitu tukaanza kupunguzwa. Walianza na vibarua, wakafuata mafundi, na mwisho sisi wa zahanati, kwa kuwa hapakuwa tena na mtu wa kuumia kazini. Wenzangu walipokea kiinua mgongo wakanunua ng'ombe, wengine viti vya kukodisha harusini. Mimi nilikalia changu mpaka mali za kiwanda zilipoanza kuuzwa vipande vipande, nikanunua zahanati yenyewe. Serikali ilikuwa imeruhusu watu binafsi kutoa tiba, na nusu ya watoto wa Kihonda walivutia pumzi yao ya kwanza mikononi mwangu, ndani ya chumba kile. Sikuona kwa nini niende kuzalishia kwenye jengo la mtu mwingine.

Paa la jengo lile lilikuwa la bati baridi. Hivyo ndivyo mji mzima ulivyoliita: mabati mazito ya kijivu, yenye mawimbi makubwa. Jua la saa saba likiwaka, ndani unatafuta sweta. Mvua ikinyesha, mgonjwa haamshwi na kelele. Ofisi za mabwana wakubwa ziliezekwa hivyo, na mtu akikuambia nyumba yake ina bati baridi, ujue anajisifu.

Mama yangu aliyapenda mabati yale kuliko alivyompenda mkwewe. Aliishi juu mlimani, ukishaipita Bigwa na kupanda mpaka magoti yaanze kukusengenya, katika nyumba ya nyasi kwenye ardhi ya ukoo wake. Kwetu Uluguru ardhi hupita kwa mama, kwa hiyo ile ilikuwa nyumba yake, na siku moja ingekuwa yangu. Kila aliposhuka kunitembelea aliingia wodini, akasimama katikati, akatazama juu kama mtu aliyeingia kanisani. Nilipolinunua jengo nilipanga kuliezeka upya kwa mabati ya rangi, mtindo uliokuwa umeingia, kwa sababu yale ya zamani yalishaanza kupasuka pembeni. Nikamwambia, mama, paa la zahanati likishuka, bati baridi ni lako.

Aliitangaza ahadi hiyo mlima mzima. Na kwa kuwa yeye si mtu wa kungoja, mavuno yalipokwisha aliwaita watu wakaivua nyumba yake nyasi zote, ili waweke miti minene ya kubeba uzito wa mabati. Akahamia jikoni, akalala kando ya mafiga. Mvua za vuli zilikuwa karibu, na nyumba yake imebaki mbavu tupu.

Ndipo alipokuja bwana afya. Niliomba kibali cha nyumba ya uzazi, naye akaja kukagua. Aliyasifu mabeseni yangu, akausifu usafi wa choo, kisha akanyoosha biro juu. Alisema lile si bati baridi, ni asbesto. Vumbi lake halionekani kwa macho. Likishaingia mapafuni halitoki, na ugonjwa wake huja taratibu, miaka mingi baadaye. Bati zima lina nafuu, lililopasuka ndilo baya, na la kukatwa au kuvunjwa ndilo baya kuliko yote. Hawezi kuruhusu watoto wachanga walazwe chini yake. Liondolewe na wataalamu, lizikwe, na asipewe mtu hata kipande.

Nilikuwa nimeshafungua mdomo kumjibu. Nilitaka kumwambia kwamba nimefanya kazi chini ya paa lile ujana wangu wote na kifua changu ni kizima, asante. Lakini nikawakumbuka mafundi wa kiwandani waliokuwa wakiyakata mabati yale kwa msumeno kila ukuta mpya ulipopanda. Walikuwa wakija kwangu na kikohozi kikavu. Niliwapima makohozi nikitafuta kifua kikuu, sikukipata, nikawapa dawa za kifua kikuu hivyo hivyo, nao wakaendelea kukohoa mpaka wakapelekwa makwao. Nikamwuliza yule bwana wataalamu hao wanapatikana wapi, na wanaonijua watakuambia kukubali upesi hivyo si kawaida yangu.

Tangu saa ile sikuyumba. Kuyumba nawaachia wengine.

Kwetu paa likishuka lina wenyewe. Fundi huchukua sehemu yake, jirani huomba vipande vya banda la kuku, shemeji hukumbuka kwamba choo chake kinavuja. Hakuna anayetupa bati. Fundi mmoja wa Mwembesongo alikuja na nyundo mkononi akasema atanishushia lote bure, malipo yake ni mabati yenyewe. Nilimfukuza kwa heshima. Wakaja majirani mmoja mmoja, na kila mmoja nilimweleza habari ya vumbi na mapafu, na kila mmoja alitikisa kichwa, akaniacha, akaenda kusema kwamba sista ana roho mbaya, afadhali azike kuliko kumpa mtu. Mwingine alisema nimeficha dhahabu juu ya dari. Niliwaacha waseme, kwa sababu mdomo wa mtu si mlango wa zahanati, huwezi kuufunga jioni.

Wataalamu walitoka Dar es Salaam. Msimamizi wao alikuwa mtu mfupi, mwenye utaratibu kama saa ya ukutani. Alinitajia bei nikamwomba arudie, akairudia ile ile. Nikamwambia, kaka, mimi nimesema nashusha paa, sijasema nanunua kiwanda. Hakucheka. Alinieleza kwamba mabati yatalowekwa kwa maji ya sabuni ili vumbi lisiruke, skurubu zitafunguliwa moja moja bila nyundo, kila bati litashushwa kwa mikono, lifungwe kwa nailoni nene, lifungwe tena kwa nailoni nyingine. Shimo litachimbwa refu mwisho wa kiwanja, mbali na kisima, pale bwana afya alipopaonyesha, nalo litafunikwa kwa zege. Nguo za wafanyakazi hazifuliwi. Barakoa hazirudiwi. Kila kilichogusa paa kitazikwa pamoja na paa. Nilibishana naye juu ya kila neno, na kila neno likabaki pale pale. Mwisho nikauza kiwanja changu cha Bigwa, kiwanja nilichokuwa nimekiwekea michungwa na matumaini, nikamlipa. Sijapata kukijutia.

Kilichoniuma kilikuwa kingine. Fedha iliyobaki haikutosha kumnunulia mama paa. Mabati mapya ya zahanati nilikuwa nimeshayanunua, yamepangwa kwa jirani, yamehesabiwa chumba kwa chumba. Na mama analala jikoni, anangoja bati baridi ambalo nimeshaamua halitampandia kichwani.

Siku zile sikuweza kuondoka Kihonda, kwa hiyo nikamtuma mama mmoja muuza ndizi pale Mwembesongo ampe salamu yeyote anayepanda mlimani. Nilimweleza vizuri: mwambieni mama mabati yale hayafai, yana sumu, yanatakiwa kuzikwa kama maiti, tunazika Jumamosi, asiyasubiri, nitamtafutia mengine. Muuza ndizi akampa mchukuzi. Mchukuzi akampa mwenzake njiani. Na kila aliyeipokea salamu aliona haina akili, maana nani aliwahi kusikia bati likizikwa? Kwetu msiba hautajwi waziwazi njiani. Mtu huambiwa tu kwamba anahitajika nyumbani, kwamba fulani hajisikii vizuri, na marehemu utamjua ukishafika. Kwa hiyo kila mmoja akaamini nimeficha neno ndani ya neno, na akamhurumia mama kwa kulipunguza zaidi. Salamu ilipofika mlimani ilikuwa imebaki hivi: kwa mwanao kuna maiti, wanazika Jumamosi, usisubiri.

Mama akauliza, maiti ya nani? Mchukuzi, aliyekuwa mkweli, akajibu kwamba yeye ameambiwa ni mabati. Mama akaona huyu anamficha jina la marehemu ili asimuumize. Hakuuliza tena.

Jumamosi hiyo mimi nilikuwa na furaha. Nilikuwa nimemlazimisha msimamizi aniruhusu kuingia ndani ya kamba waliyoizungushia jengo, nikamwambia paa ni langu na maiti haizikwi bila mfiwa. Akakubali kwa sharti nivae kama wao: ovaroli nyeupe yenye kofia, miwani ya plastiki, barakoa, mabuti. Basi nikawa mweupe kutoka utosini mpaka kisiginoni, nimesimama kando ya shimo langu, naangalia watu wanavyofanya kazi nzuri. Mabati yalishuka bila kelele. Yalifungwa mafurushi marefu meupe, na kila furushi lilibebwa mabegani na watu wanne, polepole, kuelekea shimoni.

Barabarani waendesha baiskeli walianza kushuka. Wanaume walivua kofia. Dada mmoja aliyetoka kisimani alitua ndoo, akaifungua khanga kiunoni, akajifunika kichwa. Nilicheka ndani ya barakoa mpaka miwani ikafanya ukungu.

Ndipo nikasikia kilio. Kilio cha mlimani nakijua, huanzia tumboni na hakina haraka. Nikafuta miwani. Mama yangu alikuwa mbele, khanga amejifunga kibwebwe, na nyuma yake wanawake wa kwetu wamebeba kuni na vikapu vya unga, na wanaume wana majembe mabegani. Walikuwa watani wa ukoo wetu. Kwetu mtani ndiye anayechimba kaburi, ndiye anayepika, na ndiye anayemtukana marehemu ili wafiwa wapate kucheka. Mtani wetu mkuu, bibi mkavu mwenye sauti ya filimbi, alikuwa ameshaanza kazi. Alisikika akisema mtumwa wake huyu, maana ndivyo watani tunavyoitana, alikuwa mvivu tangu tumboni, na kwamba hata kufa amekufa mchana ili asipike jioni.

Mama aliliona furushi mabegani mwa wale wanne. Akaliendea moja kwa moja, mikono mbele, akiita mwanangu, mwanangu.

"Mama, ni mimi," nilisema.

Sauti ilitoka kwenye barakoa kama iliyo ndani ya mtungi. Alinitazama alivyowatazama wale wengine weupe, akarudisha macho kwenye furushi. Nikaivuta barakoa chini, nikaivua miwani, jambo ambalo msimamizi alilikataza kuliko yote. Mama akauona uso wangu. Akainyanyua kamba apite, akaja na mikono imefunguka, na mimi nikarudi nyuma nimeinua viganja vyangu.

"Mama, usinishike."

Sijawahi kumwambia mama yangu neno gumu kama lile. Ovaroli yangu ilikuwa na vumbi la asubuhi nzima, lile lisiloonekana, na yeye alikuwa na kifua cha miaka yote ya moshi wa jikoni. Alisimama na mikono yake ikiwa bado hewani. Msimamizi akamrudisha nje ya kamba kwa adabu, akimwita mama, akimwomba radhi, na mimi nikapelekwa kwenye banda la turubai walilolijenga kwa ajili ya kuoga. Wakanimwagia maji nikiwa na ovaroli, wakaivua, wakaitia kwenye mfuko wa kuzikwa, nikaoga tena kwa sabuni kuanzia nywele. Muda wote huo mama alikuwa nje ya turubai.

"Upo?" aliuliza.

"Nipo, mama."

Nikijipaka sabuni anauliza tena. Nikisuuza anauliza tena. Niliitikia kila mara, na nikawa nalia kwa sababu maji yalinificha.

Nilipotoka, nywele zinadondosha maji, nikamwamkia shikamoo. Hakuitikia, na hakunigusa. Hofu ilikuwa imemtoka na hasira ikakaa mahali pake, kama inavyokaa kwa mama aliyemwona mtoto wake akivuka barabara bila kuangalia. Nikaanza kujieleza haraka haraka. Nikamwambia habari za vumbi, za mafundi waliokohoa, kwamba ahadi naijua, kwamba nyumba yake naijua ilivyo, kwamba yale mabati siwezi kumpa hata moja.

"Nimeshuka mlima kuja kukuzika wewe," alisema. "Unanieleza habari za bati?"

Akanipa mgongo, akaenda kuwaonyesha wenzake mahali pa kuweka mafiga. Unga wa msiba ukishashuka haupandi tena. Walipika, na wakala wafanyakazi wa Dar es Salaam, wakala majirani walioniita roho mbaya, na bwana afya aliyepita kukagua shimo akala pia. Mama aligawa ugali kwa kila mtu, na sahani yangu akaituma kwa mkono wa mwingine.

Furushi la mwisho liliposhuka shimoni, msimamizi akaita zege. Lakini bibi mtani alikuwa ameipenya kamba, amekaa kwenye ukingo, miguu yake inaning'inia ndani, na hakuinuka. Kaburi halifungwi kabla mtani hajapewa haki yake. Msimamizi alibadilika rangi. Nilimpa bibi kuku, akamkataa. Nikamwongezea sukari na khanga mpya, akasema sukari itamtoa meno na khanga anayo. Watu wakaanza kucheka, wakakusanyika, na yeye akangoja mpaka wamekuwa wengi wa kumtosha.

"Mtumwa wangu," alisema, "umezika paa la mama yako. Paa hulipwa kwa paa."

Watu walicheka sana, na mimi nikacheka pamoja nao, kwa sababu mzaha wa mtani hauna hasira. Lakini pia hauna njia ya kukataliwa. Mtu mwingine angesema neno lile ningempangia hoja kuanzia kibali mpaka wodi. Mtani huwezi kumjibu hoja. Nikageuka nikautazama ukuta wa jirani, yalikopangwa mabati yangu mapya, ya bluu, yenye karatasi bado. Nyumba ya mama ni ndogo. Sikuchukua muda, mimi si mtu wa kuzungushazunguka jambo nikishaliona. Nikamwambia bibi aondoke kwenye shimo langu, paa la mama lile pale.

Waliokuja na kuni vichwani wakaondoka na mabati vichwani. Kutoka Kihonda hadi Bigwa watu walisimama kuwatazama, na walipoanza kupanda, jua la jioni lilikuwa likiyapiga yale mabati hata niliyaona kwa mbali yakipinda na njia. Bibi mtani alikuwa mbele, anaimba wimbo wa kunitukana ambao mpaka leo watoto wa kule wanaujua. Mama alitembea katikati. Hakugeuka.

Nilifungua nyumba yangu ya uzazi kwa chumba cha kuzalishia na kingine kimoja. Mabati yaliyobaki yaliishia hapo. Kinamama waliosubiri zamu walikaa chini ya turubai kama lile la wataalamu, nililolinunua jipya kwa kulipenda. Wodi niliiezeka baadaye, kipande kwa kipande, kadiri watoto walivyozaliwa. Anayenisikiliza akifika hapa huuliza kama singeweza kupunguza gharama mahali. Mimi humjibu hapana. Mafundi wa nyundo wangenipunguzia, na mama angekuwa amelala chini ya vumbi lile miaka yote aliyoishi baadaye, akilisifu kwa wageni.

Vuli iliposhika nilipanda kumwona. Nilimkuta amekaa sebuleni mwake, chini ya bluu yangu, amenuna. Akamlalamikia kila jirani aliyeingia kwamba mchana bati lile linachoma kama kikaango. Mimi nikaketi mkekani, nikijipanga kumwambia kile ambacho sikukisema siku ile, yaani kwa nini nilimwambia asinishike. Nikaanza. Mvua nayo ikaanza.

Aliyewahi kukaa chini ya bati jipya la chuma mlimani anajua. Sikusikia hata neno langu mwenyewe. Nikapaza sauti, mama akaweka kiganja sikioni, akatikisa kichwa. Nikapaza zaidi. Akasogea mpaka mdomo wake ukafika sikioni kwangu.

"Lina domo kama wewe," alisema.

Kisha akauchukua mkono wangu, akauweka mapajani mwake, akaufunika kwa mikono yake yote miwili. Hatukuweza kuzungumza, kwa hiyo tulikaa tu. Mvua ilipokatika alikuwa bado ameushika.